Shajara ya mradi: Kukusanya nyimbo za jazi zilizoimbwa na wawili

8 Januari

Nimeanza rasmi kazi ya kuandaa mkusanyiko wa nyimbo za jazi zilizoimbwa na watu wawili, pamoja na maelezo ya Kiswahili ya kila wimbo, kwa ajili ya kikundi chetu cha kusikiliza muziki. Wengi katika kikundi hiki wamelelewa na kwaya. Wanatofautisha sauti ya kwanza na ya pili wakiwa wamefumba macho, na wanajua taabu ya kumpata mtu wa besi anayesikiliza wenzake. Masikio hayo ndiyo ninayoyalenga. Mikusanyiko ya aina hii ipo mingi madukani na mtandaoni, lakini iliyo mingi humpa msikilizaji majina ya waimbaji na majina ya nyimbo, basi; haielezi nani anamjibu nani, wimbo ulirekodiwa wapi, wala kwa nini wimbo uleule umeimbwa na watu wengi kiasi hicho na kila mmoja akautoa kivyake.

Kabla ya kuchagua wimbo wowote nimeandika kigezo kimoja ambacho kitatawala mengine yote: waimbaji wote wawili wawe walikuwa katika chumba kimoja, kwa wakati mmoja, wakisikilizana. Naamini kwamba uzuri wa wimbo wa wawili unakaa katika yale mambo madogo ambayo mwimbaji hawezi kuyapanga peke yake, kama vile kuchelewa nusu pigo ili mwenzake amalize neno, kupunguza sauti anapopokelewa, au kucheka katikati ya mstari kwa sababu ya jambo alilolifanya aliye mbele yake.

Kigezo cha pili kinahusu nyimbo zenyewe. Nazitaka zile tungo za Marekani zilizotungwa kwa ajili ya majukwaa ya Broadway, filamu za Hollywood na wachapishaji wa muziki wa New York, hasa kati ya miaka ya 1920 na 1950, ambazo wanajazi walizichukua na kuzigeuza kuwa nyimbo za kila siku za fani yao. Nyingi zina vipimo 32 (kipimo ni kifungu kifupi cha mapigo, aghalabu manne), yaani sehemu nne za vipimo vinane vinane, ambapo ya kwanza, ya pili na ya nne hufanana na ya tatu huchepuka. Umbo hilo linamfaa sana mwimbaji wa pili, kwa kuwa anajua mahali pa kuingia hata kama hawakupata muda wa mazoezi.

Jambo la kulizingatia tangu sasa ni kwamba nyimbo nyingi za hazina hii zilitungwa ziimbwe na mtu mmoja. Waimbaji wawili wanapozichukua, wanalazimika kuzigawa wenyewe, na namna wanavyozigawa ni kazi ya ubunifu inayostahili kuelezwa.

15 Januari

Nimeanza na Ella Fitzgerald na Louis Armstrong, mwimbaji ambaye pia alipiga tarumbeta, kwa sababu mkusanyiko wowote wa aina hii usiokuwa na hao wawili hauna mguu wa kusimamia. Walirekodi pamoja kwa mara ya kwanza kwa kampuni ya Decca mwaka 1946, wakisindikizwa na okestra ya Bob Haggart, kisha mwaka 1950 wakatoa "Dream a Little Dream of Me" na okestra ya Sy Oliver. Hizo zilikuwa santuri za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo upande mmoja ulibeba takriban dakika tatu tu za muziki. Ndani ya dakika hizo ilibidi waingize utangulizi, ubeti wa Ella, ubeti wa Louis, tarumbeta kidogo na mwisho wa pamoja. Wimbo ni mtamu, lakini unasikika kama mazungumzo ya watu wenye gari la kuwahi.

Mambo yalibadilika baada ya kampuni ya Columbia kuleta santuri ndefu mwaka 1948, ambayo upande wake mmoja ulizidi dakika ishirini. Norman Granz, mtayarishaji aliyeanzisha kampuni ya Verve mwaka 1956, alilitumia vizuri jambo hilo. Tarehe 16 Agosti 1956, siku moja baada ya Ella na Louis kupanda jukwaani kwenye uwanja wa Hollywood Bowl, aliwaingiza katika studio za Capitol huko Hollywood, wakarekodi nyimbo 11 kwa siku moja. Nyuma yao walikuwepo Oscar Peterson kwenye piano, Herb Ellis kwenye gitaa, Ray Brown kwenye besi na Buddy Rich kwenye ngoma. Hakuna fidla zilizojazana wala kwaya ya nyuma. Ni watu wanne wanaopiga kwa sauti ya chini ili waimbaji wasikike hata wanapovuta pumzi. Matokeo yake ni albamu ya *Ella and Louis*, ambayo jalada lake linawaonyesha wameketi kwenye viti viwili, Ella akiwa na gauni la kawaida na Louis akiwa amekunja soksi zake hadi kwenye vifundo. Naipenda picha hiyo kwa sababu inafanana na sauti iliyomo ndani.

Nimechagua nyimbo tatu kutoka hapo: "Cheek to Cheek", "Isn't This a Lovely Day?" na "They Can't Take That Away from Me". Kutoka albamu ya mwaka uliofuata, ambayo Louie Bellson alishika ngoma, bado sijaamua.

21 Januari

Leo kazi yote imekuwa juu ya suala la funguo, yaani kimo ambacho wimbo mzima huimbiwa, na nadhani hii ndiyo sehemu ambayo wanakwaya wetu wataifurahia zaidi.

Katika kwaya, kila sauti ina mstari wake uliotungwa kulingana na kimo chake. Katika wimbo wa jazi wa wawili, mara nyingi mstari ni mmoja tu, na mwanamume na mwanamke wote wanautaka. Ufunguo unaomfaa mwanamke humweka mwanamume mahali pa juu panapomkaba koo au chini panapomezwa na besi, na kinyume chake ni hivyohivyo. Mpangaji wa muziki ana njia chache za kutoka hapo. Anaweza kubadilisha ufunguo kila mwimbaji anapopokea, jambo ambalo Oscar Peterson alilimudu kwa kupitisha vipimo viwili vitatu vya piano ambavyo msikilizaji asiyejua atavichukua kuwa ni urembo tu. Anaweza kumpa mmoja melodi na mwingine akaijaza mianya kwa maneno yake. Au anaweza kumwomba mmoja avumilie.

Granz alieleza kwamba Ella alichagua kuvumilia: alimwachia Louis achague nyimbo, na akaziimba katika funguo zilizomfaa Louis hata pale ambapo hazikumfaa yeye. Mwaka 1956 Ella alikuwa na umri wa miaka 39 na alikuwa katika kilele cha uwezo wake; Louis alikuwa na miaka 55 na sauti yake ilikuwa imejaa mikwaruzo. Heshima ya Ella kwa mkubwa wake inasikika katika namna anavyotulia kwenye noti za chini bila kulazimisha, na naona ni wajibu wangu kuwaonyesha wasikilizaji mahali inapotokea, kwa sababu mtu anayesikia urahisi tu hatajua kwamba kuna aliyejinyima.

2 Februari

Nimeiweka "Cheek to Cheek" ya Ella na Louis kando ya ile ya Sarah Vaughan na Billy Eckstine, nikazisikiliza moja baada ya nyingine mchana kutwa. Irving Berlin aliutunga wimbo huu mwaka 1935 kwa ajili ya filamu *Top Hat*, na Fred Astaire ndiye aliyeuimba humo. Ni wimbo mrefu kupita kawaida: una vipimo 72 badala ya 32, na karibu na mwisho kuna sehemu fupi ya vipimo vinane ambapo mwimbaji anaacha kusimulia na kumwomba mwenzake moja kwa moja wacheze. Sehemu hiyo ndiyo inayoufanya ufae kuimbwa na wawili ingawa ulitungiwa mmoja, kwa kuwa ghafla anahitajika mtu wa kuombwa.

Kwa Ella na Louis, wimbo unakaribia dakika sita. Louis anatangulia. Hauimbi kama ulivyoandikwa. Anaikunja melodi, anaziacha silabi zichelewe nyuma ya pigo, na maneno mengine anayatupa kama mtu anayeongea. Ella anapopokea, anainyoosha melodi tena, kila noti mahali pake, na hapo ndipo msikilizaji anapogundua ni kiasi gani Louis alikuwa ameichezea. Wanapofika mwisho wakiwa pamoja, kila mmoja amechukua kidogo cha mwenzake.

Sarah Vaughan na Billy Eckstine waliurekodi mwaka 1957 katika albamu yao ya nyimbo za Irving Berlin iliyotolewa na Mercury, okestra ikiongozwa na Hal Mooney. Hapa tuna watu wawili wenye sauti nzito zenye mafuta, wote wakipenda kuitetemesha noti ya mwisho. Historia yao ilikuwa ndefu: Sarah alishinda shindano la vipaji katika ukumbi wa Apollo huko Harlem, akajiunga na bendi ya Earl Hines mwaka 1943 wakati Eckstine akiwa mwimbaji wake, kisha akamfuata Eckstine alipounda bendi yake mwenyewe mwaka 1944. Kwa hiyo hawajibizani kama wageni wanaokutana. Wanaimba kama ndugu waliokulia nyumba moja, na katika kusikiliza kwangu nimeona kwamba ushindani kati yao haupo kabisa.

Uamuzi: "Cheek to Cheek" ya Ella na Louis inabaki. Kwa Sarah na Billy nachukua "You're Just in Love", kwa sababu ni mojawapo ya nyimbo chache za hazina hii ambazo zilitungwa tangu mwanzo kwa ajili ya sauti mbili. Berlin aliutunga mwaka 1950 kwa ajili ya mchezo wa jukwaani *Call Me Madam*. Mwimbaji wa kwanza anaimba melodi moja, wa pili anaimba melodi nyingine tofauti kabisa yenye maneno mengi ya harakaharaka, kisha zote mbili zinaimbwa kwa pamoja na zinapatana. Wanakwaya watautambua ufundi huo mara moja.

9 Februari

"Rockin' Chair" imenichukua muda mwingi kuliko wimbo mwingine wowote, na naona inastahili.

Hoagy Carmichael aliutunga wimbo huu unaomhusu mzee aliyekwama kwenye kiti chake cha kuyumba, fimbo iko kando yake, anamwagiza mwanawe amletee pombe na kutishia kumchapa, ingawa wote wawili wanajua kwamba hawezi kunyanyuka. Unaimbwa kwa mtindo wa kuitikia: baba anasema mstari, mwana anaurudia akiugeuza, kila mara akimwita baba. Carmichael mwenyewe aliurekodi pamoja na Louis Armstrong huko New York mwezi Desemba 1929. Carmichael, Mzungu kutoka Indiana, aliimba nafasi ya baba, na Louis, ambaye tayari alikuwa mpiga tarumbeta mkubwa kuliko wote wa zama zake, akaitikia kama mwana.

Tarehe 17 Mei 1947 Louis aliuimba tena katika ukumbi wa Town Hall huko New York, safari hii na Jack Teagarden, mpiga trombone kutoka Texas. Nafasi zimegeuka. Louis ndiye mzee, na Teagarden, Mzungu wa Kusini aliyezaliwa mwaka 1905, anasimama mbele ya hadhira katika nchi ambayo bado ilikuwa na sheria za ubaguzi, akimwita mtu mweusi baba, mstari kwa mstari. Hakuna hotuba yoyote ndani yake. Louis anaagiza; Teagarden, kwa sauti yake ya uvivu, anajibu kwamba pombe hakuna; Louis anakuja juu na hadhira inaangua kicheko, na unaposikiliza kwa makini unasikia kwamba Teagarden naye anajizuia kucheka. Tamasha hilo lilichangia sana kumfanya Louis aachane na bendi kubwa na kuunda kundi dogo la All Stars mwaka huohuo, Teagarden akiwamo.

Nitaziweka rekodi zote mbili, ya 1929 na ya 1947, zikifuatana. Ni mahali pekee katika mkusanyiko ambapo wimbo mmoja unarudiwa, na maelezo yake yatakuwa marefu kuliko mengine.

Neno la pembeni kuhusu Bob Haggart: ndiye aliyeongoza okestra ya 1946 nyuma ya Ella na Louis, ndiye aliyepiga besi Town Hall mwaka 1947, na ndiye mtunzi wa melodi ya "What's New?", wimbo ambao Carmen McRae na Betty Carter waliuimba pamoja mwaka 1987 mbele ya watu katika ukumbi wa Great American Music Hall huko San Francisco. Nimeuingiza wimbo huo kwenye orodha kwa sababu ya sauti hizo mbili za kike zinazobanana katika kimo kimoja bila kugongana, lakini nafurahi kwamba jina la Haggart, ambalo wasikilizaji wengi hawalijui, litapata kutajwa mara tatu.

16 Februari

Velma Middleton lazima awemo. Aliimba na Louis Armstrong kwa karibu miaka ishirini, kuanzia 1942, kwanza katika bendi kubwa na baadaye katika All Stars. Wahakiki wengi wa wakati wake walimdharau kwa sababu ya unene wake na vichekesho vyake vya jukwaani, na mikusanyiko mingi inamruka na kwenda moja kwa moja kwa Ella. Mimi naona kwamba Louis alikuwa huru zaidi akiwa na Velma kuliko akiwa na mwimbaji mwingine yeyote. Ushahidi uko katika "St. Louis Blues" ya mwaka 1954, iliyorekodiwa Chicago kwa ajili ya albamu ya tungo za mtunzi wa bluzi W. C. Handy: ni ndefu, ina moto, na wanachokozana kama watu waliozoeana barabarani.

Kuna jambo linalomhusu ambalo wasomaji wa upande wetu wanapaswa kulijua. Mwishoni mwa 1960 All Stars walifanya ziara ndefu ya Afrika. Mwezi Oktoba walipokelewa kwa shangwe kubwa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, na mwezi Novemba walipiga Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, wakati Katanga ikiwa imejitenga. Velma alikuwa nao. Mapema mwaka 1961 aliugua ghafla wakiwa Sierra Leone, akalazwa hospitali huko Freetown, na akafariki hukohuko mwezi Februari. Kwa hiyo mmoja wa waimbaji wakubwa wa nyimbo za wawili katika jazi alimalizia safari yake katika bara hili, na maelezo yetu yatalisema hilo waziwazi.

23 Februari

Leo nimeondoa nyimbo, na kila moja ilikuwa na watetezi wake ndani ya kikundi.

"Unforgettable" ya Natalie Cole na baba yake Nat King Cole imetoka. Nat aliurekodi wimbo huo wa Irving Gordon mwaka 1951, akafariki mwezi Februari 1965, na mwaka 1991 sauti yake ya zamani iliunganishwa studio na sauti mpya ya binti yake. Ulizoa tuzo kubwa za Grammy mwaka 1992, na sina shaka kuhusu mapenzi yaliyomo ndani yake. Hata hivyo Natalie anamjibu mtu ambaye hawezi kumjibu. Kwa sababu hiyohiyo nimeiacha albamu ya *Duets* ya Frank Sinatra ya mwaka 1993: Sinatra, akiwa na miaka 77, aliimba Hollywood, na wenzake wakaziongeza sauti zao baadaye, wengine kwa njia ya simu kutoka miji mingine. Sauti zimepangwa kwa ustadi, lakini hakuna hata mara moja ambapo Sinatra anabadilisha chochote kwa sababu ya mwenzake, kwa kuwa alipokuwa akiimba mwenzake hakuwepo.

Albamu ya mpiga saksafoni John Coltrane na mwimbaji Johnny Hartman ya mwezi Machi 1963 nayo imetoka, kwa uchungu mkubwa, kwa sababu saksafoni ya Coltrane si sauti ya mwimbaji ingawa inajibu vizuri kuliko waimbaji wengi.

Kwa upande mwingine, "Body and Soul" ya Tony Bennett na Amy Winehouse imebaki. Waliirekodi uso kwa uso katika studio za Abbey Road huko London mwezi Machi 2011, miezi michache kabla ya Amy kufariki akiwa na umri wa miaka 27. Bennett alikuwa na miaka 84. Ukisikiliza utamsikia mzee akimpa nafasi binti, akimwachia mistari, na binti akizidi kujiamini kadiri wimbo unavyoendelea. Ndiyo rekodi mpya kuliko zote katika mkusanyiko huu.

3 Machi

Suala la hakimiliki. Kwa muda mrefu nilitaka kuelewa kwa nini Ulaya inatoa mikusanyiko mingi ya bei nafuu ya Ella na Louis wakati Marekani, ambako muziki huu umetoka, haifanyi hivyo. Jibu liko katika sheria.

Marekani ilipitisha mwaka 2018 sheria inayogusa rekodi za zamani. Rekodi zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 zinalindwa kwa miaka 100. Zile za 1947 hadi 1956 kwa miaka 110. Na zile za kuanzia 1957 hadi mwanzoni mwa 1972 zinalindwa hadi tarehe 15 Februari 2067. Kwa hiyo rekodi za 1925 zimeingia kwenye miliki ya umma tarehe 1 Januari 2026, wakati *Ella and Louis* ya 1956 italindwa hadi mwisho wa 2066. Umoja wa Ulaya nao uliongeza muda wa ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, lakini haukuzirudishia ulinzi zile ambazo muda wake ulikuwa umekwisha, yaani zilizotolewa kabla ya 1963. Hapo ndipo kampuni ndogo za Ulaya zilipopata mlango.

Mlango huo hauhusu tungo zenyewe. Barani Ulaya utunzi hulindwa kwa miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi. Irving Berlin alifariki mwaka 1989, na Ira Gershwin, aliyeandika maneno ya "They Can't Take That Away from Me", mwaka 1983, kwa hiyo tungo zao bado zina wenyewe. Marekani huhesabu miaka 95 tangu kuchapishwa, ndiyo maana utunzi wa "Body and Soul" wa mwaka 1930 umekuwa huru huko tangu mwanzoni mwa 2026, ilhali rekodi ya Bennett na Winehouse itaendelea kulindwa kwa miaka mingi.

Kutokana na hayo tumekubaliana kwamba mradi hautanakili wala kusambaza faili yoyote. Tutatoa maelezo yetu ya Kiswahili pamoja na orodha inayomwelekeza msikilizaji kwenye huduma zenye leseni, na anayependa santuri atapewa mwaka na jina la kampuni ili aitafute.

11 Machi

"Baby, It's Cold Outside" ilizua mjadala mrefu kwenye kikao. Frank Loesser aliutunga mwaka 1944 ili yeye na mkewe wauimbe mbele ya wageni wao kwenye sherehe, kisha akauza haki zake kwa kampuni ya filamu ya MGM, na ukashinda tuzo ya Oscar kupitia filamu ya mwaka 1949. Kwenye karatasi za muziki mwanamume ameandikwa mbwa mwitu na mwanamke panya: mmoja anataka kuondoka, mwingine anatafuta kila sababu ya kumzuia. Baadhi ya wenzetu wanaona maneno yake hayafai kusikilizwa leo bila kuguna. Nawaelewa, na maelezo yetu yataueleza mjadala huo kwa haki. Kwa upande wa ufundi, hata hivyo, ni wimbo wa wawili kwa asili yake: mistari inapandana, mmoja anaanza kabla mwingine hajamaliza, na ukiuimba peke yako hakuna kinachobaki. Katika filamu yenyewe uliimbwa mara mbili, na mara ya pili mwanamke ndiye aliyekuwa akimzuia mwanamume.

Nimechagua toleo la Ray Charles na Betty Carter la mwaka 1961, lililopangwa na Marty Paich. Betty ana sauti nyembamba inayozungukazunguka melodi, Ray anakokota. Kutoka albamu hiyohiyo nachukua pia "Alone Together", wimbo wa 1932, ili msikilizaji awasikie wakiwa watulivu.

Dinah Washington na Brook Benton wameingia kwa kura, ingawa "Baby (You've Got What It Takes)" ya mwaka 1960 ni wimbo wa ridimu na bluzi na hautoki katika hazina ya zamani. Nilikubali kwa sababu ya tukio moja. Katikati ya wimbo Benton anaingia mahali pa Dinah. Dinah hasimami, anamwambia papo hapo, huku muziki ukiendelea, kwamba ameingia tena kwenye nafasi yake, naye Benton anajibu kwamba anaipenda nafasi hiyo. Wangeweza kurudia. Kampuni ya Mercury iliutoa hivyohivyo, ukashika nafasi ya kwanza katika chati ya ridimu na bluzi. Sina mfano bora zaidi wa kigezo nilichokiandika Januari.

19 Machi

Kupanga mfuatano. Nilijaribu mpangilio wa miaka na haukufaa: rekodi ya 1929 inafungua kwa mkwaruzo ambao humchosha msikilizaji mgeni kabla hajaanza. Sasa nyimbo zimepangwa kulingana na namna sauti zinavyokutana. Sehemu ya kwanza ina wanaopokezana, kila mmoja na ubeti wake. Sehemu ya pili ina wanaojibizana mstari kwa mstari, na humo "Rockin' Chair" ndiyo kitovu. Sehemu ya tatu ina wanaoimba kwa pamoja, kuanzia melodi mbili za "You're Just in Love" hadi Jackie Cain na Roy Kral, waliojulikana wakiwa na kundi la Charlie Ventura mwaka 1948, wakafunga ndoa mwaka 1949 na kuendelea kuimba pamoja hadi Roy alipofariki mwaka 2002. Hao wawili mara nyingi huimba melodi ileile kwa wakati mmoja, bila maneno, kwa silabi tupu, na usahihi wao unanishangaza kila ninapowasikiliza.

Kutoka *Porgy and Bess*, opera ya George Gershwin ya 1935 ambayo Ella na Louis walirekodi nyimbo zake mwaka 1957 na okestra ya Russell Garcia, nimechukua "Summertime" kwa sehemu ya kwanza na "Bess, You Is My Woman Now" kwa sehemu ya tatu. Hiyo imemaliza suala la ile albamu ya 1957 ya Ella na Louis ambayo mwezi Januari sikuwa nimeiamulia, nafasi haipo.

Viwango vya sauti vinatofautiana sana kati ya rekodi za mono za miaka ya 1940 na za sterio za baadaye. Kwa kuwa hatugusi faili, ninachoweza kufanya ni kuandika katika maelezo mahali ambapo msikilizaji aongeze sauti kidogo, na kumshauri asiwashe vichujio vya kuondoa mikwaruzo, kwa sababu vichujio hivyo huondoa pia pumzi za waimbaji.

27 Machi

Maelezo ya sehemu ya kwanza yamekamilika na yamesomwa na wenzangu wawili wa kwaya. Waliomba istilahi za funguo zielezwe kwa mifano ya kuimba badala ya majina ya noti, na nimefanya hivyo. Sehemu ya pili imebakiza muhtasari wa maneno ya "St. Louis Blues". Sehemu ya tatu bado haina uamuzi kuhusu wimbo wa kufunga: nusu ya kikundi inataka "Body and Soul", nusu nyingine inataka "What's New?" ya Carmen na Betty. Mimi napigia "What's New?", kwa kuwa ilirekodiwa mbele ya watu na makofi yake yapo palepale. Kura itapigwa kwenye kikao cha Aprili, baada ya wote kuzisikiliza zote mbili hadi mwisho.